Mdogo wangu, usilale na madesa

Wadogo zangu mnaosoma mawasiliano ya umma, najua UE, mitihani ya chuo, imebisha hodi. Najua na mlipo: madesa ya muhula mzima yametapakaa kitandani, nanyi mnakariri Lasswell 1948, Shannon na Weaver 1949, Schramm 1954, Berlo 1960, kama abiria aliyekariri vituo vyote vya daladala ila hajui anashukia wapi.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Swali lilitaka nijadili upungufu wa modeli ya Shannon na Weaver. Nikachora visanduku na mishale, nikaeleza chanzo, kipokezi, kelele, kurasa nne nzima. Nikapata 7 kati ya 20. Upungufu wenyewe sikuugusa hata kwa mstari mmoja! Kwa hiyo piga mstari chini ya kitenzi cha swali kabla hujaandika chochote.

Halafu jua kila nadharia ilizaliwa wapi. Shannon alikuwa akifanya kazi maabara za kampuni ya simu ya Bell, Marekani. Kelele zake kwanza ni za kwenye waya. Ukilijua hilo, upungufu unajileta wenyewe: waya hausubiri kuulizwa kama umeeleweka. Schramm ndiye aliyetilia mkazo mrejesho, na uzoefu ambao pande mbili zinauchangia. Konda akigonga bodi, dereva anajua asimame au aondoke. Mgeni wa jiji anasikia kelele tu.

Mifano ya namna hiyo ndiyo inayobeba alama, nanyi mnaiacha mnakimbilia uchaguzi wa Marekani. Kuna Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa, makusudi, ili watafiti wapate pa kulinganishia. Mmoja wa watafiti hao alikuwa Everett Rogers, yule yule mnayemkariri kwa kitabu chake cha 1962 kuhusu kuenea kwa uvumbuzi. Nadharia imekuja hadi kwetu, nyie mmekalia madesa!

Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini jipime kwa Kiswahili. Nenda kwa mama muuza chapati, mweleze kwa nini kijiwe kizima kinabishania habari ile ile iliyosomwa asubuhi kwenye mapitio ya magazeti redioni. Akiitikia, McCombs na Shaw, wale wa nadharia ya kuweka ajenda, umewaelewa. Akikuuliza "kwa hiyo?", rudi kwenye daftari.

Zile tetesi za "swali hili lazima litoke" zinazozunguka kwenye magrupu usiku wa mwisho, achana nazo. Lala mapema, beba kitambulisho na peni mbili. Na ukitoka chumba cha mtihani usisimame na wanaolinganisha majibu koridoni. Pita moja kwa moja, nenda ukale.