UTESI NA KUTETA

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa utesi ni ugomvi wa maneno, hasa katika jambo dogo. Asili yake ni kuteta. T imegeuka s, kama vile katika kufuata hupatikana mfuasi. Basi mtesi katika tungo za kale huwa ni mtu wa ubishi na ushindani, wala si yule atokaye katika kutesa. Asiyelijua hili husoma mateso mahali palipo na maneno matupu.

Mtu wa pwani afikapo Mwanza atawasikia watu wakisema ya kuwa fulani na fulani wateta, nao wamejitenga tu, wakisemezana kwa siri. Maana hiyo haiko mbali na ile ya kwanza. Kwani magomvi mengi ya msikitini huanza barazani kwa sauti ndogo.

Kwa Kiarabu neno lililo karibu ni mirai. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya ya kuwa mirai ni kuyapinga maneno ya mwenzio kwa kuyatolea kasoro; ama khusuma ni kuteta kwa kutaka mali au haki. Na Mtume (s.a.w.) amemdhaminia nyumba pembezoni mwa Pepo mwenye kuacha mirai ijapokuwa haki ni yake. Hapo ndipo penye uzito, kwani asiye na haki kunyamaza kwamfaa mwenyewe.

Mfano wake ulitokea ng'ambo ya Ziwa hilo hilo la Mwanza, upande wa kaskazini, Buganda. Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, alikufa mwaka 1921. Na katika miaka hiyo wakahitilafiana: aliyekwisha sali Ijumaa, yampasa kusali na Adhuhuri? Ni swali la fiqhi, lenye wanavyuoni na dalili zao. Lakini likazaa makundi mawili, Juma na Zukuli (ndiyo Adhuhuri kwa ulimi wa Waganda), kila moja na viongozi wake. Hitilafu ya wanavyuoni si utesi. Utesi huingia pale mtu asipouliza tena dalili, akauliza mwenziwe ni wa kundi gani, apate kujua kama amwitikie salamu.

Na Sura ya Al-Kahf, isomwayo siku ya Ijumaa yenyewe, imelitaja neno hilo la mirai. Watu walibishana juu ya hesabu ya Watu wa Pango, kama ni watatu au watano au saba. Mtume akaamrishwa asibishane nao ila kwa lililo dhahiri.