Unataka Nini?

*Shangazi, mimi ni mchimbaji, Nyarugusu. Mke wangu yuko Kishapu na watoto wetu wawili. Tumeshauza ng'ombe watatu, na hela yote imeingia kwenye duara, shimo langu la dhahabu: matimba, pampu ya maji, ugali wa vijana. Sasa mwamba umeanza kuonyesha, nikampigia tuuze na wa nne. Akasema, "Una tamaa," akakata simu. Kutaka maendeleo ndiyo tamaa?*
*Mchimbaji, Geita*

Pole, mwanangu. Neno hilo linauma, na lina sura mbili. Aliyeshindwa tunasema amekata tamaa. Kumbe kabla ya kuikata, tamaa ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Lakini wahenga walisema pia: tamaa mbele, mauti nyuma. Bila ile ya kwanza hakuna anayeshuka duarani. Mkeo anaogopa hii ya pili.

Utazitofautishaje? Ukisema "nataka" ukanyamaza, watu watakungoja: unataka nini? "Ana tamaa" haina haja ya kuulizwa, imekamilika hivyohivyo. Hata "want" ya Waingereza, iliyotoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, mwanzoni ilimaanisha kupungukiwa. Anayetaka anajua kilichopungua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenitajia gharama zote, lakini unachokitaka hukukiandika. Nyumba ya bati? Ada? Kurudisha ng'ombe zizini? Mkeo naye amesikia habari ya ng'ombe wa nne. Wa mwisho atakuwa wa ngapi, hajaambiwa.

Kwa hiyo usiuze kwanza. Chukua mifuko michache ya mawe ya mwamba huo, isage karashani, ioshwe, uone inatoa nini. Kitakachopatikana kipeleke soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, kikapimwe kwa bei ya siku. Kisha panda basi uende Kishapu. Haya si mazungumzo ya simu. Mwambie: nataka kitu hiki, kitagharimu kiasi hiki, na kisipopatikana kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, napanda juu na sishuki tena. Akikataa, ng'ombe abaki. Ni wenu wote wawili.

Na ukifika mbele yake ukashindwa kukitaja unachokitaka, basi mkeo hakukosea neno.