Masurufu ya Likizo: Vitabu, Nyuzi na Begi Moja



Ndugu zangu katika imani, mitihani inakaribia kwisha, na wengi wetu tutapanda gari pale Nyabugogo kwenda kuwaona wazee. Somo la toleo hili linahusu jambo dogo: begi tunalofungasha. Nimelichagua kwa sababu Desemba iliyopita nilikosea katika jambo hili, na kosa hilo lilinifunza kitu ambacho sikukipata darasani.

Msingi wa somo

Katika Suratul Baqara, aya ya 197, Allah (s.w.) anawaamrisha wanaokwenda Hija wachukue masurufu, kisha anawakumbusha kwamba masurufu bora ni uchamungu. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija mikono mitupu, wakisema wao wanamtegemea Mwenyezi Mungu. Wakifika Makka, wanaombaomba watu. Ndipo aya ikashuka.

Tunapata mambo mawili hapo. Kwanza, kufungasha vizuri hakupunguzi tawakkul. Pili, begi likijaa na moyo ukawa mtupu, safari bado ina upungufu. Mimi nilifeli katika hilo la pili.

Kilichonipata

Tulikuwa tunakwenda Gisenyi kwa bibi mzaa mama, wiki mbili, familia nzima. Mama alinikabidhi begi la pamoja la sisi watoto. Nikaweka vitabu tisa: vya fiqhi, vya nahau ya Kiarabu na vya kozi zangu. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 11, akaja na mfuko wa kitambaa: nyuzi za katani, sindano, makasi, kalamu za rangi na gundi. Nikamwambia, "Hatuendi kucheza. Nafasi hakuna."

Akanyamaza. Mama ndiye aliyesema, "Basi ataubeba mwenyewe mapajani."

Kutoka Kigali hadi Gisenyi ni kilomita zipatazo 150, na barabara ya kupitia Musanze ina kona nyingi. Nilifungua kitabu, kichwa kikazunguka, nikakifunga kabla hatujafika mbali.

Usiku wa kwanza, baada ya Magharibi, mvua ikinyesha, bibi aliniita. "Mjukuu wangu msomi, umetuletea nini cha kutusomea?"

Nikafikiria vitabu vyangu tisa. Vyote ni vya Kiarabu na Kiingereza. Bibi anajua Kiswahili na Kinyarwanda. Nikamjibu, "Bibi, hivi ni vya mtihani."

"Haya, mwanangu," akasema, akaendelea na tasbihi yake. Lile "haya" lilinichoma kuliko lawama yoyote.

Kesho yake mdogo wangu alifungua mfuko wake mbele ya bibi. Macho ya bibi hayaoni tena tundu la sindano, lakini vidole vyake havijasahau. Mtoto akatunga uzi, bibi akaanza kitako cha kikapu cha agaseke, akizungusha uzi juu ya kifungu cha nyasi, duara baada ya duara. Na mikono ilipoanza kazi, mdomo nao ulifunguka. Alisimulia utoto wake Biryogo, madrasa aliyosoma, na ubao wa mbao walioandikia aya, wakaziosha na kuandika nyingine.

Mimi nilikuwa kando, nimeshika kitabu, nasikiliza kwa kuibia. Siku ya tatu nilikiweka chini, nikaanza kukata nyuzi. Siku ya nne bibi akawa anasoma taratibu huku akishona, nikatambua anasoma Suratul Mulk, mwanzo hadi mwisho, bila msahafu. Nina miaka 22. Sikuwahi kujua kwamba bibi yangu ameihifadhi sura hiyo. Sikuwahi kumwuliza.

Mafunzo

*Kwanza: elimu bora ni ile isiyohitaji begi.* Inasimuliwa kwamba Imam al-Ghazali, akiwa kijana anarudi Tus kutoka Jurjan, alivamiwa na wanyang'anyi. Aliwasihi wamrudishie daftari zake tu, kwani ndimo ilimo elimu yake. Kiongozi wao akamcheka: elimu gani hiyo ambayo mwizi anaweza kuichukua? Walimrudishia, naye akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika. Mimi niliibiwa na kona za Musanze tu, wala si majambazi. Bibi je? Hakuna awezaye kumnyang'anya Suratul Mulk yake.

*Pili: kazi ya mikono si mchezo wa kudharauliwa.* Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba chakula bora ni cha jasho la mkono wako, akamtaja Nabii Dawud (a.s.) kuwa alikula kwa kazi ya mikono yake. Mama wa waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alikuwa akitengeneza ngozi na kuzishona, na kipato chake akakitoa sadaka. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wake zake kwamba wa kwanza kumfuata atakuwa mwenye mkono mrefu zaidi. Wakapimana mikono, baadaye wakafahamu kuwa alikusudia mkono wa kutoa, nao ni wa Zaynab.

*Tatu: masurufu ni ya msafara mzima.* Nilifungasha kana kwamba nasafiri peke yangu.

Begi langu la mwaka huu

1. Kitabu kimoja cha masomo. Nikikimaliza, nitashukuru.
2. Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ili nimsomee bibi kwa Kiswahili anachokielewa.
3. Visa vya Mitume kwa ajili ya wadogo, na karatasi za kuchorea walichosikia.
4. Nyuzi, sindano na makasi, vikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini mwetu tangu 2008, na cha kitambaa kinadumu zaidi.
5. Daftari tupu la kuandika anayosimulia bibi.
6. Kwa njiani: kitabu hakuna. Tutasikilizana sura tulizohifadhi.

Maswali ya halaqa

Katika begi lako la likizo, ni kitu gani umemchukulia mtu mwingine? Ni mzee gani katika familia yako ambaye hujui amehifadhi nini? Na ukinyang'anywa simu na daftari leo, utabaki na elimu kiasi gani?

Kati ya vitabu vile tisa nilisoma kurasa kumi na mbili. Kikapu nacho hakikuisha. Bibi alikiweka juu ya kabati akasema, "Mtakuja kukimalizia." Mama ameniambia macho yake yamezidi kufifia. Safari hii nitamtungia uzi mimi.

Allah awahifadhi wazee wetu, atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie masurufu bora. Aamin.