Uniti zinaisha kwa habari za simu

Swali: Niko Kadutu, Bukavu. Nilijiandikisha kupata habari kwa SMS, sasa kila asubuhi uniti zinakatwa. Nifanyeje? Na habari hizo zina faida kweli?

Jibu: Ada hiyo hujirudia mpaka uikatae, ndugu. Jaribu kutuma STOP kwa namba fupi inayokuletea habari. Ikigoma, pigia huduma ya wateja ya mtandao wako, kwani wao ndio wanaokata. Faida ipo kidogo: SMS moja hubeba herufi 160, yaani kichwa cha habari tu, ila hufika hata kwenye simu isiyo na intaneti. Lakini usizitegemee daima: Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilizima SMS nchi nzima. Kwa hiyo mimi ningenunua betri za redio. Radio Okapi, iliyoanza 2002, hutangaza kwa Kiswahili pia, bure.