Fizike: Kinga na mulima

Zamani sisi rafiki wane tulitoka Beni na kinga, tukipeleka maharagi na sabuni kwa wagonjwa wa Butembo. Butembo inapita Beni kwa urefu karibu mita 600. Mutu kilo 60, kinga kilo 20, muzigo kilo 20: jumla kilo 100. Basi 100 × 10 × 600 = joule 600.000. Upande ao usukume kwa miguu, mulima unadai deni ileile. Sisi tulisukuma, hakuna aliyecheka.

Hatari ni kurudi. Muzigo umebaki, lakini joule 480.000 zinangoja. Zinakwenda wapi? Zingine upepo unazichukua, zingine ni fre: mpira unasugua chuma, vyote vinapata moto. Mwenzetu alikuwa na fre moja tu. Katika kona mpira ulichomoka, akaanguka mutaroni, mukono ukavunjika. Tulipeleka msaada, tukarudi na mugonjwa!

Kwa hiyo kaza fre zote mbili mbele ya kufunga magunia. Anza kushika toka juu kabisa, maana mwendo ukiwa mara mbili, kazi ya kusimamisha ni mara ine.

Zoezi: mutu wa kilo 50 na kinga ileile, bila muzigo, anashuka mita 200. Joule ngapi? Leteni jibu siku ya tano.