Kabla Hamjachimba Msingi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Maagizo haya ni ya wahadhiri na wanafunzi wa usimamizi wa ujenzi mnaokwenda kijijini kujifunza kwa vitendo, iwe ni kujenga vyoo vya shule au kumalizia boma la darasa. Jengo hilo watoto watakaa ndani yake. Halipunguziwi masharti kwa sababu wajenzi walikuwa wanafunzi.

YA KUFANYA

Kaeni kwanza na serikali ya kijiji, kamati ya ujenzi na mafundi. Ulizeni wananchi wameshachanga nini. Boma mnaloliona limeota nyasi lina fedha za watu na mchanga uliobebwa kwa ndoo kichwani. Anayefika na mchoro aliokwisha kuuamua hajaja kushirikisha jamii.

Mpeni fundi wa kijiji nafasi ya kufundisha. Mwanafunzi anayechora ratiba ya kazi kwenye kompyuta lakini hajui kutumia timazi ashike mwiko. Apige kamba na ahakiki pembe: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, mshazari usome 5. Usiposoma 5, vigingi ving'olewe. Hakuna “inakaribia”.

Pimeni zege, na pimeni mbele za watu. Koni ya sentimita 30 ijazwe kwa tabaka tatu, kila tabaka lichomwe mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha inyanyuliwe taratibu na mpime zege limeshuka kiasi gani. Likitawanyika kama uji, maji yamezidi. Kwa uwiano wa maji kwa saruji wa nusu, mfuko wa kilo 50 unachukua lita 25 tu, pamoja na maji yaliyomo tayari kwenye mchanga mbichi.

Na msimkaripie kibarua anayeongeza maji. Anaongeza kwa sababu zege jepesi halimvunji mgongo. Ongezeni watu kwenye kuchanganya, sogezeni kokoto karibu, punguzeni safari za toroli. Huo ndio usimamizi wenyewe, na hakuna ubao wa darasani utakaowaonyesha vizuri zaidi.

Mwagilieni zege maji siku 7 bila kukosa. Andikeni kwenye daftari jina la atakayemwagilia Jumapili, maana Jumapili ndiyo husahaulika.

YA KUTOFANYA

Msipige picha mkiwa na kofia mpya za usalama huku saidia fundi yuko juu ya jukwaa na kandambili. Vifaa vya kinga ni vya wote au kazi isimame.

Msitumie nguvu za mafundi bure. Mwanafunzi anapata alama. Fundi naye alipwe ujira wake.

Msifiche hesabu. Mifuko ya saruji iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kwa Kiswahili, kila wiki.

Msivuke uwezo wenu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Kwa hiyo msiongeze ghorofa, msibomoe nguzo, msibadili nondo kwa sababu za dukani zimekwisha. Mhandisi aliyesajiliwa akague na aweke saini. Mhadhiri mwenye haraka ya kufunga muhula hana mamlaka hayo.

Msikabidhi jengo mkatoweka. Mkandarasi ana kipindi cha matazamio; nanyi mnacho. Rudini baada ya masika, mkague nyufa, mifereji ya paa na maji yanayosimama kwenye msingi, kisha mrekebishe kwa gharama zenu. Chuo ambacho hakijatenga nauli ya safari hiyo kisianze kuchimba.