Mvua Kubwa Zikija: Itayarishe Jamaa Yako Mapema

Kila mkulima huomba mvua, na ni haki yake. Lakini mvua ile ile iletayo mahindi na malisho yaweza pia kuvunja nyumba, kuchukua ng'ombe na kuua watu. Wazee wetu wangali wakizikumbuka mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961. Wengine wazikumbuka zile za mwaka 1997 mpaka mwanzo wa 1998, zilizoitwa El Nino, zilizokata barabara na madaraja na kuacha magonjwa nyuma yake.

Misiba ya namna hii haikwisha. Mwezi wa Mei 2018 bwawa lilipasuka huko Solai, wilaya ya zamani ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa. Mwezi wa Novemba 2019 ardhi ya milimani iliporomoka katika Pokot Magharibi, ikafunika nyumba pamoja na waliokuwamo. Mwezi wa Aprili 2024 maji yenye matope na mawe yalishuka ghafula karibu na Mai Mahiu, yakachukua makumi ya watu.

Tazama jambo moja, msomaji. Misiba hii yote mitatu ilikuja usiku. Watu walikuwa majumbani mwao, wengi wamelala, na nje ni giza na mvua. Saa kama hiyo si saa ya kuanza kufikiri ni njia gani ya kupita wala ni nani atakayembeba bibi mzee. Mambo hayo hapana budi yafikiriwe mchana, wakati jua lawaka. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

1. JUA HATARI ILIYO KARIBU NAWE

Kila mahali pana hatari yake. Mkulima wa Budalangi aogopa mto Nzoia, ambao huleta maji kutoka mlima Elgon na milima ya Cherangani. Huenda mvua isinyeshe kwake hata tone, na mto ukajaa kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali. Mkulima wa kando ya mto Tana naye ni vivyo hivyo. Lakini mkulima wa Murang'a au Pokot Magharibi, mwenye shamba la mteremko mkali, haogopi mto tu. Aogopa mlima wenyewe.

Tembea katika shamba lako ukalitazame kama mgeni. Uliza wazee: maji yalifika wapi katika mvua kubwa za zamani? Je, pana bwawa juu yako? Nyumba imejengwa katika njia ya korongo lililo kavu miezi mingi? Korongo kavu lisikudanganye. Maji hayasahau njia yake.

Ikiwa wakaa mlimani, jifunze dalili za ardhi itakayoporomoka. Nyufa mpya huonekana ardhini au katika kuta. Miti na nguzo za ua huanza kuinama. Milango iliyokuwa ikifunga vizuri hukwama. Chemchemi hutokea mahali pasipokuwa na maji, au maji safi ya kijito yageuka kuwa matope, au kijito chapungua ghafula ingawa mvua yanyesha. Ukiona dalili hizi usingoje kuuliza jirani zako wote. Ondoka na watu wako mara moja, kisha mpelekee chifu habari.

2. CHAGUENI MAHALI PA KUKIMBILIA

Kaeni jamaa yote pamoja mkachague mahali pawili: pa kwanza pawe karibu, juu kuliko nyumba, ambapo mtoto aweza kufika kwa miguu, pa pili pawe mbali kidogo, kama shule, kanisa au msikiti ulio mahali pa juu. Njia ya kwenda huko isivuke mto wala korongo.

Kisha gawaneni kazi. Kila mtoto mdogo awe na mtu mzima wake wa kumshika mkono. Mzee asiyeweza kutembea, mama mja mzito, na mtu aliye kilema au asiyeona, kila mmoja awe na mtu wa kumsaidia, na mtu huyo ajue.

Hapa pana jambo ambalo jamaa nyingi hulisahau. Baba mara nyingi yuko kazini mjini, au amekwenda sokoni na ng'ombe. Basi mpango wenu usimtegemee mtu mmoja tu. Ikiwa ni baba peke yake ajuaye mahali hati ya shamba ilipo, au peke yake awezaye kusema "Haya, tutoke," mpango huo haufai. Mama awe na ruhusa ya kuamua, na mtoto mkubwa ajue la kufanya mama asipokuwapo. Tembeeni njia hiyo mara moja mchana, na mara moja usiku kwa tochi. Watoto watadhani ni mchezo, nao hawatasahau.

3. MFUKO MMOJA TAYARI

Weka mfuko mmoja imara mahali pa juu karibu na mlango. Ndani yake tia vitu hivi:

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto na hati ya shamba au nakala yake, vyote vimefungwa katika karatasi za nailoni mbili ili maji yasiingie. Fedha kidogo. Tochi. Redio ndogo na betri zake. Simu iwe na moto kila jioni wakati wa mvua. Dawa zinywewazo kila siku na mtu wa nyumbani, kama za sukari au za shinikizo la damu. Chumvi, sukari, kiberiti, kisu, sabuni, kamba, blanketi moja na nguo kavu za watoto. Maji safi ya kunywa katika mtungi wa plastiki wenye kifuniko; mtu mmoja ahitaji kama lita 3 au 4 kwa siku.

Andika nambari za simu katika karatasi, maana simu ikiloa hutakumbuka hata moja. Polisi ni 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

4. CHAKULA NA MBEGU

Mafuriko hupita kwa siku chache, lakini njaa yaweza kufuata kwa miezi. Kwa hiyo ghala lako ni jambo kubwa. Sakafu yake iinuliwe juu ya ardhi, paa lisivuje, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mbolea na dawa za wadudu ziwekwe pengine, tena juu, maji yasije yakazichanganya na chakula.

Usiweke mahindi mabichi ghalani. Jaribu hivi: tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise, kisha ungoje kama robo saa. Chumvi ikishika pande za chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Mahindi yenye maji huota ukungu, na ukungu huo waweza kuleta sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100, wengi wao katika Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi.

Mbegu zako usiziweke zote chini ya paa moja. Mpe ndugu au rafiki akaaye mahali pa juu akuwekee sehemu, nawe umwekee zake. Mkulima aliyepoteza mavuno aweza kuanza tena akiwa na mbegu. Asiye na mbegu huanza kwa kukopa.

5. MIFUGO

Wapeleke ng'ombe, mbuzi na kondoo mahali pa juu mapema, mara tu usikiapo onyo. Ikiwa maji yamekwisha fika na huna nafasi, fungua zizi na kata kamba. Mnyama aliyefunguliwa huweza kujiokoa. Aliyefungwa hufa amesimama.

Lipo jambo lingine. Baada ya mvua kubwa mbu huzaliwa wengi sana, nao huleta homa ya Bonde la Ufa. Homa hiyo iliwapata mifugo na watu katika nchi ya kaskazini mashariki mwaka 1997 na 1998, na tena mwaka 2006 na 2007. Ng'ombe na kondoo hutupa mimba kwa wingi, na wachanga hufa. Usiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, usichinje mnyama mgonjwa, wala usinywe maziwa mabichi. Mwite afisa wa mifugo. Chanjo ipo, lakini hufaa kabla ya ugonjwa kuingia, si baadaye.

6. SAA YA HATARI

Idara ya Hali ya Hewa hutoa habari za mvua kabla ya masika na kabla ya vuli, na maonyo mengine kila inapohitajika. Sikiliza redio kila siku. Chifu akiwaambia watu wahame, hama.

Tunajua ugumu wake. Mkulima hutazama ng'ombe wake, mahindi yake, na mabati aliyonunua kwa taabu, akasema, "Nendeni ninyi, mimi nitabaki kulinda." Lakini hakuna mtu awezaye kulinda mabati dhidi ya mto. Mabati hununuliwa tena. Afadhali mwizi achukue sufuria kuliko watoto wamkose baba.

Usivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa chini ya goti. Hayo yatosha kumwangusha mtu mzima, na chini huwezi kuona shimo. Gari nalo huchukuliwa na maji ambayo hayakufika dirishani. Usisimame chini ya mti wakati wa radi. Ukiwa umekwisha toka salama, usirudi kuchukua kitu.

7. BAADA YA MAJI KUPUNGUA

Hatari haijaisha. Maji ya kisima yamechanganyika na ya choo. Yachemshe mpaka yatokote vizuri, au utie dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa yake. Chakula kilicholoa maji ya mafuriko kitupwe, ingawa moyo wauma. Piga hodi kwa fimbo ndefu kabla ya kuinua gunia au mbao, maana nyoka nao walikimbilia mahali pakavu.

Mtoto akiendesha, mpe kinywaji hiki: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu kijiko cha chai. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, na umpeleke hospitali. Kuharisha maji matupu kama maji ya mchele yaweza kuwa kipindupindu, na mtu huweza kufa kwa saa chache.

8. KAZI YA SHAMBA IOKOAYO MAISHA

Wakati wa kiangazi ndio wakati wa kupigana na mafuriko. Chimba matuta ya fanya juu, ukitupa udongo upande wa juu wa mfereji, na upande mabingobingo juu yake. Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Acha majani na miti ishike udongo. Usikate miti ya mteremko mkali. Safisha mitaro na makalvati kabla ya mwezi wa Machi na wa Oktoba. Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja, kwa sababu maji yasiyozuiwa katika shamba la juu huharibu shamba la chini. Ileteni katika baraza, mkafanye kwa harambee.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Maji yakija usiku wa leo, mtakimbilia wapi, na kwa njia gani?
2. Ni nani atakayembeba mtoto mdogo, na nani atakayemsaidia mzee?
3. Hati ya shamba na vitambulisho viko wapi sasa?
4. Mbegu za msimu ujao ziko mahali pangapi?
5. Baba na mama wasipokuwapo, mtoto mkubwa ajua la kufanya?

Yasomeni maswali haya jioni ya leo baada ya chakula. Ikiwa lipo swali moja tu msiloweza kujibu, anzeni nalo kesho asubuhi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta uliochukuliwa na mto hujengwa kwa gharama kubwa.